Msemaji Asiyerudi Kuuliza: Barza Yetu na Ndugu Wenye Ulemavu

Kila mara tunapokutana kuongea juu ya desturi za Ituri, neno barza halikosi. Mmoja anakumbuka ile ya babu yake upande wa Djugu, nyumba ya nyasi isiyo na kuta. Mwingine anakumbuka ile ya Irumu. Mwingine ni mtoto wa mjini, na kwake barza ni ile veranda ya mbele ambapo baba alipokea wageni. Hata watu wa amani waliokuja kutusaidia baada ya vita ya 1999 hadi 2003 walilipenda neno lile. Basi barza imekuwa kama jina lingine la hekima yetu: fasi ambapo neno linazungushwa mpaka linaiva, na hakuna mtu mmoja anayeamua peke yake.

Sisi nasi tunaipenda. Lakini kitabu kidogo kama hiki, kama kila ukurasa ni wa sifa, wajukuu watadhani babu zao hawakuwa na kasoro hata moja. Tuiangalie barza kwa upande mmoja ambao hatuuongelei.

Angalia nani anaketi pale. Wazee, wanaume wenye watoto, siku hizi mama nao na vijana waliosoma. Mkwe anaitwa. Hata jirani mlevi anapewa dakika zake na tunamsikiliza mpaka mwisho, juu siku ingine neno la kweli linatoka kwake. Sasa uliza: ndugu yetu kipofu alikuwa wapi? Yule kiziwi aliyepasua kuni za moto ule? Yule dada aliyezaliwa na akili nzito, anayelala nyumba ya nyuma? Jibu tunalijua, maana wote tumelisikia na wengi tumelisema: "Ule tutamuuliza nini? Amesha kula, aketi tu."

Haya si maneno ya watu wenye roho mbaya. Anayeyasema ndiye aliyemletea chakula, ndiye anamfulia nguo, na siku ya kukimbia pengine ndiye alimbeba mgongoni. Njo maana ukosoaji huu ni mgumu. Ukimkosoa mtu anayepiga andikape, wote watakuunga mkono. Ukimkosoa mtu anayemlisha, wanakutazama.

Na bado pale ndipo mambo makubwa yanapita. Baba amekufa, ameacha parsele pale Mudzi-Pela ama Nyakasanza. Watoto ni watano, na mmoja hatembei. Familia inaketi, inaongea, inauza. Wanne wanapewa franga mkononi. Wa tano anaambiwa kwamba sehemu yake "iko kwa kaka mkubwa". Haiko kwa siri, hapana, inasemwa wazi mbele ya wote, na mashahidi wanapiga sahihi. Ama tuchukue familia iliyofika Bunia baada ya vurugu kuanza tena Djugu mwishoni mwa 2017. Miezi inapita, inasikika kwamba kijiji kimetulia, baraza ya jamaa inaamua nani arudi kulima na nani abaki kambini. Mama kipofu anabakizwa, ama anarudishwa, sawa vile mzigo unavyopangiwa gari. Pengine yeye angependa kinyume. Pengine pale kambini amepata rafiki wa kusali naye, na njia ya choo ameshaijua kwa miguu. Nani alimuuliza?

Tukitafuta msaada kwenye methali zetu, tunapata vitu viwili vinavyovutana. Methali ambayo watu wanaitoa haraka ni ile ya "hujafa hujaumbika". Ni onyo zuri, linamzuia mtoto kucheka kilema. Lakini isikilize tena: inaongea na nani? Inaongea na mzima, inamtisha kwamba kesho na yeye anaweza kupatwa. Yule kilema mwenyewe ndani ya methali ile hana mdomo. Amewekwa pale kama kioo cha wengine kujitazamia. "Penye wengi hapaharibiki neno" nayo tunaipenda sana kwenye barza, na hatuhesabu kama kati ya wale wengi mwenye neno yuko. Kumbe kuna methali ingine inayosema vingine kabisa: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hii haiongei juu ya huruma. Inaongea juu ya ujuzi, kwamba anayelala juu ya kitanda ndiye anajua. Tunaitumia kwa wanandoa, kwa wafanya biashara, kwa wakubwa wa serikali. Ni mara ngapi tumesikia inatumiwa kumpa neno mtu asiyeona?

(Kuna wasomi wanaosema Kiswahili chenyewe kinawadharau, kwa kuwa kipofu, kiziwi, kiwete na kilema wamewekwa kwenye ki-, pamoja na kiti na kijiko. Hatuna haraka ya kukubali. Kiongozi naye ni ki-, na hatujamwona akilalamika. Neno "andikape" tunalolitumia mjini limetoka kwa Wafaransa, "mtu mwenye ulemavu" limetoka kwa semina, na yote mawili yanaweza kusemwa kwa heshima ao bila heshima. Kinachoumiza zaidi kiko kwenye kitenzi: yeye anawekwa, anapelekwa, anabakizwa. Ni mara chache tunasikia anataka.)

Na hadithi zetu? Wengine wetu tulisoma shuleni ile ya Soundjata wa Mali, ile Djibril Tamsir Niane aliyoiandika na kuitoa mwaka 1960. Mtoto wa mfalme hatembei, watu wanamcheka mama yake, mpaka siku anaposhika chuma, anasimama, na ufalme unaanza. Ni hadithi kubwa, hatutaki kuipunguza. Lakini ona masharti yake: ili asikilizwe, lazima kwanza asimame. Hakuna sura ambapo Soundjata anatawala akiwa ameketi chini. Na kwenye vyumba vya maombi hapa Bunia tunaendelea na hadithi ile ile, kwa jina lingine: tumwombee apone, kisha tutamuuliza anataka kuoa nani.

Filamu ya Benda Bilili! ilikuja kuvunja sharti lile, na ilivunja nusu. Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, waliwafuata kwa miaka wanamuziki wa Kinshasa, wengi wao waliopooza miguu kwa polio, na filamu ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Mwaka mmoja mbele ilikuwa imetoka sahani yao Très Très Fort, ambayo sehemu yake ilirekodiwa inje, kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa. Ricky Likabu na wenzake hawaponi ndani ya filamu ile. Hakuna anayesimama. Wanabaki kwenye trisikile zao mwanzo hadi mwisho, na kutoka pale wanatoa amri, wanagombana, wanamkaribisha kijana wa mtaani Roger Landu na kamba yake moja iliyofungwa kwenye mkebe, wanamfundisha kazi na adabu. Kwa mara moja tuliona andikape akilea mzima. Kwa hiyo sehemu peke yake filamu ile ingestahili kuonyeshwa katika kila sale ya parokia.

Ubaya ni kwamba njia yake inaenda Ulaya. Kambi yao inaungua, wanateseka, kisha ndege, taa na makofi. Mtazamaji wa Bunia anatoka akisema: wale walikuwa na kipaji. Na yule jirani yetu asiyejua kuimba? Sharti la Soundjata limebadilishwa tu: zamani alipaswa kusimama, sasa anapaswa kushinda. Mtu mzima wa kawaida haombwi ashinde kitu ili aulizwe kama anataka ugali ao wali.

Tena, mwanzoni mwa mwaka 2013 kundi lile liligawanyika. Coco Ngambali na Théo Nsituvuidi walitoka, na baadaye wakafanya Mbongwana Star. Wakati ule tulisikia watu wakisikitika kwa namna ya pekee: "Wamepewa neema, na wameichezea." Makundi ya muziki ya Kinshasa yamegawanyika tangu baba zetu wakiwa vijana, Zaïko yenyewe imezaa makundi mpaka tunapoteza hesabu, na hakuna aliyesema neema imechezewa. Lakini hawa, kwa kuwa wana magongo, walipaswa kuwa watoto wazuri. Kuamua ni pamoja na kuamua vibaya. Barza yetu inamwachia kaka mkubwa auze ng'ombe kwa bei ya hasara na kesho bado anaitwa kaka mkubwa. Dada mwenye akili nzito akinunua kitambaa kwa bei ya juu mara moja, franga zinaondolewa mkononi mwake mpaka kufa.

Sasa tufike kwenye lile ambalo kweli lilitufanya tuandike. Wako wanaosema kwamba haya ya kuuliza andikape ni mambo ya wazungu na mashirika, na kwamba desturi yetu ni familia kuamua. Sisi tunasema desturi inajua jambo hili tangu zamani, na inalifanya karibu kila wiki hapa mjini wakati wa mali.

Mnaijua kazi ya msemaji. Familia ya kijana haiongei ovyo. Inachagua mtu mwenye ulimi, anayejua methali, asiyekasirika haraka. Upande wa binti vilevile. Wanarushiana maneno. Upande mmoja unataja ng'ombe, ama mbuzi, ama dolari, na bidhaa zile za orodha. Msemaji wa kijana, hata awe mzee mwenye mvi, hajibu hapo hapo. Anaomba ruhusa: "Mtupe nafasi tutoke inje kidogo." Anatoka na watu wake, wanasimama chini ya muembe, anauliza: mnaweza? tukubali? tupunguze? Kijana mwenyewe pengine hasemi sana, lakini yupo, na mfuko ni wake. Kisha msemaji anarudi na neno la wale waliomtuma. Akikubali kitu bila kutoka kuuliza, watu wake watamlaumu mpaka mwisho wa siku zake. Na fasi nyingi binti naye anaitwa, mbele ya watu wote, anaulizwa kama mali ile ipokelewe. Tunajua kwamba mara nyingine jibu limepangwa tangu jikoni. Hata hivyo swali linaulizwa kwa sauti, na bila jibu lake pombe hainywewi.

Pale kuna kila kitu. Kuna mtu ambaye anahitaji ulimi wa mwingine. Kuna mwingine anayempa ulimi huo. Na kuna sheria kati yao: mwenye ulimi hana amri, anarudi kuuliza. Kumsaidia mtu aamue ni hiyo kazi. Kumwamulia ni kuwa msemaji asiyerudi. Tofauti yao ni hatua chache tu, kutoka kwenye kiti mpaka chini ya muembe.

Wale wanaoona jambo hili ni la kigeni watashangaa kusikia kwamba wazungu wenyewe walichelewa kulifikia. Sheria zao zilijaa ulezi: mtu akisemwa hana akili timamu, tribinali inamwekea mwingine wa kusema, kupiga sahihi na kupokea pesa fasi yake. Sweden, baada ya mageuzi ya mwaka 1995 juu ya wagonjwa wa akili, walianza kujaribu kazi mpya, na tangu mwaka 2000 ikaenea nchi nzima: mtu analipwa kwenda kumtafuta yule ambaye maisha yamemshinda, anajenga urafiki naye polepole, na anasema kwa ofisi lile tu ambalo mwenyewe ametaka lisemwe. Ukimweleza mzee wa hapa kazi hiyo, atakuambia: huyo si msemaji?

Sheria yetu ya Kongo nayo ilichukua ule ulezi wa zamani. Kanuni ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliweka kwenye orodha ya wasio na uwezo watoto, watu wazima wenye wazimu waliokatazwa na tribinali, na wale ambao akili ni dhaifu ao wamedhoofishwa na uzee ao ugonjwa, wanaowekewa msimamizi. Na ndani ya sheria ile ile mke aliyeolewa alipaswa kupata ruhusa ya mume kwa matendo mengi ya kisheria. Mama zetu wanaofanya biashara mpaka Kampala na Dubai walikuwa, mbele ya karatasi, karibu sawa na mtoto. Marekebisho ya Julai 2016 yalimtoa mke kwenye ulezi huo. Wako waliolia kwamba nyumba zitabomoka. Tunatembea Bunia, tunaona nyumba zimesimama.

Kwa ndugu wenye ulemavu mlango umefunguliwa kwa karatasi zingine. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa haki ya hatua za pekee za kuwalinda. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, ambayo kifungu cha 12 kinasema kila mtu ana uwezo mbele ya sheria na anayehitaji msaada wa kuutumia apewe msaada, na cha 19 kinasema achague fasi ya kuishi na watu wa kuishi nao. Mwaka 2014 kamati ya mapatano yale ilieleza jambo ambalo barza yetu ingepaswa kulitafuna: kipimo kisiwe tena "lililo bora kwake" kadiri wengine wanavyoona, kiwe utashi wake na mapenzi yake. Kisha ikaja sheria ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Tunafurahi nayo. Lakini sheria ya Kinshasa inafika kwenye nyumba ya nyuma ya Nyakasanza kwa miguu, na njiani kuna barza. Kama barza haijamweka yule dada kwenye kiti, hakimu hatamwona.

Jirani zetu wa Uganda walianzia upande huo wa kiti. Katiba yao ya 1995 ilifungua nafasi za watu wenye ulemavu katika bunge, na kwenye mabaraza ya chini pia wanakaa wawakilishi wao, mwanaume na mwanamke. Wengi wetu tuliokimbilia kule mwaka 2003 tuliona mtu wa magongo akihutubia watu kijijini na hakuna aliyegeuza kichwa.

Neno moja juu ya kujitegemea, maana linaeleweka vibaya. Watu wanadhani kijana asiyetembea akijitegemea atakaa peke yake kwenye chumba, apike, achote maji. Nani Bunia anakaa hivyo? Mkubwa wa ofisi hachoti maji, hafui shati lake, na hakuna anayesema hajitegemei. Ed Roberts wa Marekani, ambaye polio ilimwachia vidole vichache vya kusogeza na alilala ndani ya mashine ya kupumua, alijulikana kama mmoja wa baba wa mwendo huu pale Berkeley, ambapo kituo chao kilifunguliwa mwaka 1972. Alivalishwa na kulishwa na wengine. Yeye ndiye aliamua saa ngapi na shati gani. Hatuna haja ya kwenda mbali vile. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi wafanya biashara wenye ulemavu wamejulikana kwa trisikile zilizojaa mizigo, na nyuma vijana wenye miguu miwili wakisukuma. Anayesukuma anapokea mshahara wake, na bei inakatwa na aliyeketi.

Linabaki swali ambalo mzee mmoja kati yetu aliliuliza, na ni swali la haki: na yule ambaye hasemi kabisa, wala kwa mkono, wala kwa kichwa? Tulizunguka nalo jioni mzima. Jibu lililotutosha lilitoka kwa mama waliokuwa pale. Wanasema mtu wa namna hiyo hayupo nyumbani, yupo kwenye barza tu. Nyumbani anayemlisha anajua sahani anayoisukuma, mgeni anayemfanya agugumie, wimbo unaomtuliza, upande wa kiwanja anaopenda kuota jua. Ni maneno, hayajapata msemaji. Basi yule mama, ama yule mtoto wa dada anayelala naye, aitwe barza, aulizwe si "unaona afanyiwe nini" bali "umemwona akitaka nini", na ajibu mbele ya mhusika mwenyewe, si yeye akiwa nyuma ya nyumba. Kiziwi aletewe anayejua ishara zake, hata akiwa mtoto wa miaka kumi na mbili. Heshima ya wazee haitavunjika. Mwenye akili nzito aelezwe kwa maneno mafupi, mara mbili, mara tatu, na kama siku ile amechoka, neno lilale mpaka kesho. Barza inajua kulaza neno. Kwa kesi ya mpaka wa shamba inalilaza mwezi mzima.

Na msemaji achaguliwe na mhusika, kwa ishara yoyote aliyo nayo. Kwa mali hatumtumi mtu mwenye deni kwa familia ya upande wa pili, maana tunajua atalegea. Hapa pia, siku ya kuuza parsele ya marehemu, kaka anayengojea sehemu ile isiwe ndiye anayetafsiri.